Yah: Vijana Wasioonekana Kwenye Ripoti ya Robo Mwaka

Waraka wa wazi kwa ofisi inayogharamia mafunzo ya ujuzi na ajira kwa vijana, Dodoma

Ndugu Katibu Mkuu na maofisa wa programu,

Robo mwaka inapofungwa, karakana za vyuo vingi vya ufundi huachiwa mwanafunzi mmoja hodari awasimamie wenzake, maana mkufunzi ameitwa ofisini kujaza fomu. Kuna karatasi za mahudhurio za kila siku, kila mstari na saini yake. Kuna orodha ya wanufaika yenye namba za NIDA na za simu. Kuna jedwali la posho ya nauli, risiti za EFD za elektrodi na diski za kukatia vyuma, na picha za wanafunzi wakiwa wamevaa miwani ya kujikinga (ambayo wakati mwingine ni michache inayozungushwa mpaka kila mtu apigwe picha). Juu ya hayo kuna taarifa ya maelezo ya kurasa kadhaa, inayorudia kwa maneno yale ambayo jedwali limeshayasema kwa tarakimu. Saini ya kijana kwenye posho ikipishana kidogo na saini yake kwenye mahudhurio, mzigo wote hurudishwa.

Mimi ni mratibu wa mafunzo katika chuo kimoja cha ufundi hapa Mwanza, na kabla ya hapo nilikuwa mkufunzi wa uchomeleaji. Sitataja programu wala ofisi ya mkoa, kwa sababu nimefanya kazi na zaidi ya moja na fomu zao zinatofautiana nembo tu. Wala sikuandika kulalamikia wingi wa karatasi, karatasi tumezizoea. Ninachosema ni kwamba katika karatasi zote hizo hakuna hata moja inayouliza kijana yuko wapi mwaka mmoja baada ya kutoka kwetu, na kwamba swali hilo likiulizwa vizuri lingefuta nusu ya maswali mnayotuuliza sasa.

Fedha za mafunzo haya zina wenyewe. Sheria ya ufundi stadi ya mwaka 1994 ndiyo iliyoianzisha VETA na kumtaka mwajiri achangie mafunzo kulingana na mishahara anayolipa. Tozo hiyo ya kuendeleza ujuzi iliwahi kuwa asilimia 6. Iliposhushwa Julai 2023 ilifika asilimia 3.5, na tangu 2021 humhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Kwa mwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, hiyo ni hela inayotoka kila mwezi, hata mwezi ambao samaki wameadimika. Waajiri wamenung'unika miaka mingi kwamba sehemu kubwa ya tozo hiyo ilikuwa ikienda kwenye mikopo ya elimu ya juu badala ya karakana. Mtu wa namna hiyo akiuliza hela yake imemtoa nani mtaani, hamuwezi kumkabidhi karatasi ya mahudhurio. Na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, ambaye kazi yake imeandikwa kwenye Ibara ya 143 ya Katiba, hukagua kwanza kile kilichowekwa mezani. Mkimwekea saini, atahesabu saini.

Ni kweli fomu zina safu moja inayokaribia swali langu: walioajiriwa au kujiajiri. Basi niwaeleze inavyojazwa, maana nahisi huko Dodoma inasomwa kwa imani kubwa mno. Hujazwa wiki ya mahafali, au siku ripoti inapokaribia kuondoka, na mtu mwenye simu na vocha ya ofisi. Anapiga. Namba nyingi hazipatikani. Moja inapokewa na mama mzazi, anasema kijana yupo, anahangaikahangaika. Kuhangaika kunaandikwa kujiajiri. Kijana anayebeba vyuma kwenye gereji ya Nyakato kwa chakula cha mchana na chochote kitakachopatikana jioni, huyo anaandikwa kaajiriwa. Binti wa ushonaji aliyeazima cherehani ya shangazi yake, akashona sare za shule Desemba na Januari, kisha akakaa mpaka Pasaka bila oda, naye anaingia kwenye idadi. Hakuna aliyedanganya hapo. Fomu imeuliza ndiyo au hapana. Haikuuliza kazi ya siku ngapi, ya malipo gani, wala kama inatokana na ufundi uliogharamiwa.

Wataalamu wa takwimu wanaujua mtego huu. Mkutano wao wa kimataifa uliofanyika chini ya ILO mwaka 2013 ulishikilia kwamba aliyefanya kazi ya malipo au faida angalau saa moja katika wiki inayoulizwa ahesabiwe kuwa na ajira. Kwa utafiti wa nchi nzima kipimo hicho kina sababu zake, na hata hivyo Ofisi yetu ya Taifa ya Takwimu hutoa pia hesabu kwa tafsiri ya kitaifa iliyo kali zaidi, isiyomhesabu kuwa na ajira mtu ambaye kazi yake ya kesho haina uhakika. Lakini mafunzo ya miezi kadhaa yaliyolipiwa na umma hayawezi kujipima kwa saa moja. Saa moja ya kazi kijana angeipata Mwaloni akipakua dagaa, bila kukanyaga chuo chochote.

Kanda ya Ziwa tuna sababu nyingine ya kuitilia shaka safu hiyo. Kwa miaka hii miradi mikubwa imekuwa ikimeza mafundi: daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa takribani kilomita 3, lililoanza kujengwa mwaka 2020, meli ya MV Mwanza pale Bandari ya Mwanza Kusini, reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka. Mchomeleaji aliyepata mkataba darajani aliingia kwenye ripoti akiwa na kazi, na ilikuwa kazi kweli, yenye kofia ngumu na makato ya NSSF. Juni 2025 daraja likafunguliwa. Ripoti ya robo ile aliyoajiriwa bado inasema ameajiriwa. Hakuna fomu inayorudi kumuuliza kama alihamia mradi mwingine, au amerudi Buswelu kutengeneza mageti kwa oda mojamoja. Pengine mageti yanamlipa kuliko daraja, na kama ndivyo, mngetaka kulijua hilo kabla ya kupanga kozi za mwakani.

Kasoro kubwa zaidi iko mwanzoni kabisa. Fomu ya kuingia inachukua jina, umri, jinsia, kata na elimu. Haiulizi kijana alikuwa akifanya nini mwezi uliotangulia na alipata shilingi ngapi. Bila hilo, chochote kitakachoandikwa baadaye hakina cha kulinganishwa nacho. Chukueni urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, mpango ambao mimi nauthamini kuliko watu wengi wanavyoupa heshima. Mwashi aliyeshika mwiko miaka 15 anapimwa, anaongezewa pale alipopungua, anapewa cheti kinachomwezesha kusimama mbele ya kampuni au kikundi cha zabuni. Kisha kwenye ripoti anaonekana miongoni mwa walionufaika kwa kupata ajira. Alikuwa nayo! Cha kuuliza ni kama sasa siku yake inalipwa zaidi, kama anaitwa kwenye kazi ambazo zamani hakuitwa, kama ameacha kuwa saidia fundi na kuwa fundi mwenye wasaidizi. Mwashi huyo mnamhesabu kwa kitu ambacho hamkumpa, na kile mlichompa hakimo kwenye jedwali lolote.

Msinielewe kwamba naomba jambo jepesi. Wapo waliotutangulia kupima ajira badala ya mahudhurio, wakaumia, na kuumia kwao kuna faida kwetu tukikusoma vizuri.

Mwaka 1982 Marekani ilipitisha sheria ya mafunzo ya kazi iliyojulikana kwa kifupi chake, JTPA. Ilikuwa na sifa ambayo nchi nyingi zingeionea wivu: vituo vya mafunzo vilipimwa kwa matokeo. Waliangalia asilimia ya waliopata kazi siku wanapoondolewa kwenye orodha, mshahara wa kuanzia, na gharama iliyotumika kwa kila aliyepata kazi. Kituo kilichofanya vizuri kilipata fedha za ziada. Kwenye karatasi hakuna mpango safi kuliko huo.

Kilichotokea ni kwamba vituo vilijifunza fomu kuliko vilivyojifunza soko la ajira. Watafiti Pascal Courty na Gerald Marschke walionyesha jinsi vituo vilivyochezea tarehe ya kumwondoa mtu kwenye orodha: asiyepata kazi anabakizwa, aliyepata anaondolewa upesi, kutegemea ni lini hesabu itapendeza. Wengine wakaanza kuchagua tangu mlangoni. Mwombaji aliyeelekea kupata kazi hata bila msaada akakaribishwa. Mwenye matatizo mengi akapewa sababu ya kurudi siku nyingine. Kisha ukafanyika utafiti mkubwa katika maeneo 16, watu takribani 20,000 wakigawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakiingia kwenye mafunzo na baadhi wakisubiri nje. Watu wazima walipata faida ya kiasi. Vijana walioacha shule, ambao ndio hasa tunaowazungumzia hapa kwetu, hawakuonekana kupata nyongeza ya kipato yenye maana. James Heckman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2000, pamoja na wenzake Carolyn Heinrich na Jeffrey Smith walipolinganisha namba za muda mfupi zilizotumika kutoa zawadi na faida ya kweli ya muda mrefu, walikuta uhusiano dhaifu, na mahali pengine uliokwenda kinyume. Kituo kilichosifiwa hakikuwa lazima ndicho kilichosaidia.

Sheria yao ya sasa ya mambo hayo ni ya mwaka 2014, nayo imebeba makovu ya ile ya zamani. Swali haliulizwi tena siku ya kuondoka. Wanaangalia kama mtu ana kazi katika robo ya pili baada ya kutoka, kisha katika robo ya nne. Wanaangalia kipato cha mtu wa katikati, yaani wakiwapanga wote kuanzia mwenye kidogo hadi mwenye kingi wanamsoma aliye katikati ya mstari. Hilo si jambo dogo: kwetu kijana mmoja akiingia mgodini Geita, wastani wa kundi zima unapanda na wote wanaonekana wametajirika. Malengo ya kila eneo hurekebishwa kwa kuzingatia hali ya uchumi na aina ya watu waliopokelewa, ili anayepokea wenye mzigo mzito asionekane mvivu. Na taarifa nyingi hawazichukui chuoni. Huzilinganisha na kumbukumbu za mishahara ambazo waajiri wanawasilisha tayari kwa ajili ya bima ya kukosa kazi. Lakini hata hapo hawakujiepusha na ugonjwa wetu. Chuo kinachotaka kubaki kwenye orodha ya vinavyostahili fedha hutakiwa kuripoti wanafunzi wote wa kozi husika, hata wale wasiolipiwa na serikali, na vyuo vimelalamika kwamba mzigo unazidi faida.

Kwa hiyo siwaombi mnunue mfumo wa Marekani. Hautafanya kazi, kwa sababu unategemea hati ya mshahara, na vijana wetu wengi hawataiona hati ya mshahara maishani mwao. Mkitegemea makato ya NSSF peke yake mtamwona aliyeajiriwa kiwandani na kumkosa mwenye banda la kuchomelea Igogo ambaye ameshawaajiri wenzake wawili kwa maneno ya mdomo. Mtampa sifuri mtu aliyefanikiwa kuliko wote katika kundi lake.

Lakini NSSF ni mwanzo mzuri kwa wale inaowaona. Namba ya NIDA mnayo, mmetulazimisha kuikusanya. Ofisi kwa ofisi mnaweza kuuliza ni wangapi kati ya wahitimu wa kozi fulani wanaochangiwa mwaka mmoja baadaye, mkajibiwa kwa idadi bila kutajiwa majina, na chuo kisipige simu hata moja. Kwa waliobaki, chukueni sampuli. Katika kila kundi chagueni wachache kwa bahati nasibu, na anayewatafuta asiwe mtu wa chuo. Mtendaji wa mtaa anajua nyumba kuliko mfumo wowote wa kielektroniki. Nendeni baada ya miezi sita, rudini baada ya mwaka, na maswali yawe machache: wiki iliyopita ulifanya kazi gani na siku ngapi, ulibaki na kiasi gani mkononi, je, ni kazi ya ufundi uliosomea. Ongezeni moja ambalo sijaliona kwenye fomu yoyote: kifaa unachofanyia kazi ni chako, cha kuazima, au cha bosi? Kwa mshonaji, mchomeleaji na fundi umeme wa magari, jibu la swali hilo huonyesha ameshika kazi au anaigusagusa. Na maswali hayohayo, kabla ya kitu kingine chochote, aulizwe siku ya kuingia.

Ufuatiliaji una gharama, na gharama hiyo ikiachwa kwenye bajeti ya chuo haitafanyika, itaandikwa tu. Wekeni kifungu chake. Mkikosa fedha, punguzeni picha.

Kuhusu kuunganisha namba na fedha, naomba mwende polepole kuliko mtakavyoshawishika. Najua wafadhili hupenda malipo kwa matokeo, na kwa nyumba au kilomita ya barabara sina ubishi. Lakini siku mtakapotangaza kwamba chuo chenye waajiriwa wengi ndicho kitakachopata kundi kubwa mwakani, mjue nitakachofanya, na wenzangu wote watakifanya. Nitapokea waliomaliza kidato cha nne kabla ya walioishia darasa la saba. Nitapenda waliotoka Nyamagana kuliko waliovuka maji kutoka Ukerewe, kwa sababu wa Nyamagana wana mjomba mwenye duka. Mama mwenye mtoto mchanga nitamwambia asubiri awamu ijayo, kwa upole kabisa. Kijana kiziwi nitampokea kwa sababu safu ya wenye ulemavu inataka namba, ila mkalimani wa lugha ya alama hana kifungu kwenye bajeti yenu, hivyo atakaa karakanani akitazama mikono ya wengine mpaka mahafali. Hili la mwisho, kwa kweli, halisubiri malipo kwa matokeo. Linatokea sasa, na kwenye ripoti linasomeka kama mafanikio ya ujumuishi.

Kama lazima zawadi ziwepo, basi chuo kipimwe kwa umbali aliotembea kijana tangu siku ya kuingia. Aliyekuja akiwa hana kitu na sasa ana siku tatu za kazi kwa wiki awe na uzito kuliko aliyekuja na kazi akatoka nayo.

Jambo la orodha ya wanufaika nitalipitia haraka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Majina, namba za NIDA, namba za simu na hali ya ulemavu ya vijana bado vinasafiri kwenye makundi ya WhatsApp ya waratibu kama vile ni ratiba ya mechi. Mtoe mwongozo, na mtupe mahali salama pa kupeleka taarifa hizo.

Nililoliweka nyuma ndilo linaloniuma zaidi. Ripoti zinapanda, hakuna kinachoshuka. Tunatuma, tunathibitishiwa kwamba imepokelewa, basi. Sijawahi kurudishiwa karatasi inayosema wahitimu wa uchomeleaji wa mkoa huu wanaendeleaje ukilinganisha na wa Shinyanga au Mara, au kwamba kozi fulani imejaza soko na ipumzishwe. Matokeo yake tunapanga kozi kwa mashine tulizonazo na kwa mkufunzi aliyepo. Binti anayekuja dirishani kujiandikisha anachagua kati ya ushonaji, upishi na umeme wa magari kwa kusikiliza rafiki yake, wakati serikali ina majedwali ya miaka kuhusu waliomtangulia. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa haki ya kuomba. Asilazimike kuomba. Kila mwaka, kwa kila kozi na kila mkoa, chapisheni mistari michache: walioingia walikuwa wakipata nini, baada ya mwaka wanapata nini, wangapi wako kwenye ufundi waliousomea, wangapi wana vifaa vyao. Tutaibandika kwenye ubao wa matangazo pale wanapopanga foleni. Mwenye kiwanda anayelipa tozo apelekewe nakala ileile.

Kundi letu jipya linaandikishwa Januari. Niko tayari chuo chetu kitumike kujaribia fomu fupi ya kuingia, na kupokea mfuatiliaji wa nje baada ya miezi sita na baada ya mwaka, hata kama atakachokikuta hakitatupendeza. Naomba tu kwamba fomu mpya ikija, ile ya zamani iondoke; msitupe zote mbili.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mratibu wa mafunzo,
chuo cha ufundi, Mwanza

Nakala: Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali